Pampu Haijafa: Pimeni Tenki Kwanza

Tunaishi Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam. Tuna kisima cha mita 60, ndani yake kuna pampu ya HP 1, na juu kuna tenki dogo jekundu la presha la lita 24 lenye swichi na geji. Vilifungwa miaka minne iliyopita, na kwa muda mrefu tulisahau kama vipo. Tangu Julai mambo yamebadilika. Ukifungua bomba la jikoni swichi inalia tak, pampu inawaka. Sekunde mbili, tak, inazima. Tak, inawaka tena. Bafuni maji yanakuja kwa nguvu, yanalegea, yanakuja tena. Hata usiku, tumelala na mabomba yote yamefungwa, naisikia swichi ikilia yenyewe.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika chache tu, akasema pampu imekufa, tuivute tununue nyingine. Pamoja na kazi yake anataka laki tisa. Wa pili alifungua kifuniko cha swichi, akakaza nati, akasema ameongeza presha. Siku mbili tulifurahi. Sasa kuna wakati pampu haizimi kabisa. Mshale wa geji unafika kati ya 3 na 4, unaganda hapo, na taa ya Luku inapepesa harakaharaka mpaka nikazime breka. Yuniti zinakwisha hatujui zimeendaje. Baba watoto anasema tuachane na haya matenki mekundu, tujenge mnara tuweke simtank. Mimi nataka kujua kwanza: pampu imekufa kweli? Na kuna kitu ninachoweza kupima mwenyewe kabla sijamwita fundi wa tatu?

Mama Wawili, Madale

Tuanze na la haraka. Mkiona mshale umeganda na pampu haizimi, zimeni breka saa hiyohiyo. Mota iliyo kisimani hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakipanda juu. Mshale ukiganda na mabomba yamefungwa, maji hayapandi tena. Mota inazunguka, inapasha moto maji yaleyale, na ikiachwa hivyo usiku kucha inaweza kuungua kweli. Mpaka hili lirekebishwe, washeni asubuhi na jioni, mjaze ndoo na mapipa mtu akiwa amesimama pale, halafu mzime. Najua ni usumbufu kwenye nyumba yenye watoto, ila mnaokoa kifaa ghali kuliko vyote mlivyonavyo kwenye mfumo huo.

Sasa swali lako. Kwa haya uliyoniandikia, pampu haijafa, na ninasema hivyo kwa sababu ya geji yako mwenyewe. Kwenye geji ya bar, kila namba moja ni sawa na kusukuma maji mita 10 hivi kwenda juu. Tuseme maji kisimani mwenu yako mita 40 kutoka usawa wa ardhi. Pampu inayofikisha mshale kwenye 3 imeyapandisha maji mita 40 mpaka juu, na bado ina nguvu ya mita 30 nyingine. Pampu iliyokwisha, ile ambayo mchanga umekula mapangaboi yake, haifiki huko. Mshale wake hupanda polepole na kukwama chini, maji bombani hutoka membamba siku zote, na wala hutasikia tak-tak ya harakaharaka, maana haina ubavu wa kufikisha presha ya kuzimia. Kuwaka na kuzima kila sekunde mbili ni dalili kwamba pampu inafika upesi mno. Tatizo liko juu, hapo mnapoweza kugusa kwa mkono, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ni tenki.

Lile tenki jekundu ni bati la chuma, na ndani yake kuna mfuko wa mpira. Maji hukaa ndani ya mpira, na upepo hukaa kati ya mpira na bati. Pampu ikisukuma maji, mpira hutanuka na kuubana upepo; ukifungua bomba, upepo uliobanwa huyasukuma maji kutoka huku pampu imepumzika. Maji yenyewe hayabaniki, kwa hiyo upepo ukiisha, au mpira ukitoboka na maji yakajaa pande zote mbili, hakuna kinachosukuma. Bomba likifunguliwa kidogo tu presha inaanguka papo hapo, swichi inawasha; pampu ikiwaka presha inaruka papo hapo, swichi inazima. Hiyo ndiyo tak-tak yako. Ndiyo pia inayoua pampu nzima, kwa sababu mota ndogo za namna hii, kila zinapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule zinaotumia zikishatulia. Joto la kila mwanzo linahitaji muda wa kuondoka. Kwa mota kama yenu, ikishawaka inapaswa ikimbie angalau dakika moja kabla ya kuzimwa. Yenu inapewa sekunde mbili.

Kupima unaweza mwenyewe, na hutahitaji zaidi ya geji ya matairi, ambayo kijana yeyote wa pancha atakuazima. Zima breka. Fungua bomba lililo chini kabisa karibu na tenki, uliache wazi mpaka maji yaishe kabisa. Hapo tazama geji ya mfumo: mshale lazima ulale kwenye sifuri. Ukibaki kwenye 1 au 2 na maji hayapo, geji yenyewe ni mbovu, na kila alichokuambia fundi kwa kuitazama hakina maana. Ni kifaa cha bei ndogo, badilisheni. Kisha tafuta kifuniko kidogo cha plastiki upande wa tenki ulio mkabala na bomba. Kifungue, utakuta ncha ya kujazia upepo, ileile ya tairi la gari. Bonyeza kijiti cha katikati kwa msumari.

Yakitoka maji, mpira umepasuka, na upimaji umeishia hapo. Ukitoka upepo, weka geji ya pancha usome. Geji za pancha husoma kwa psi, na bar 1 ni psi 14 na nusu. Upepo wa tenki hupangwa chini kidogo ya presha inayowasha pampu, kiasi cha psi 2. Swichi nyingi za pampu za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuwasha kwenye bar 1.4, yaani psi 20, na kuzima kwenye 2.8. Kwa swichi hiyo tenki linataka psi 18. Ukikuta 5, au usipokuta kitu, jaza kwa pampu ya baiskeli huku bomba bado liko wazi na breka imezimwa, ufike 18, usizidishe. Rudia kupima kesho yake kwa namna ileile. Upepo ukiwa umeshuka tena, ama ile ncha inavuja, na utaijua kwa kuipaka povu la sabuni, ama mpira umetoboka tundu dogo.

Nasisitiza neno “maji yaishe kabisa”. Mafundi wengi hupima upepo tenki likiwa na maji yenye presha. Ukifanya hivyo geji ya pancha inakusomea presha ya maji, inaonyesha namba nzuri, fundi anasema tenki ni zima, halafu macho yote yanahamia kwenye pampu. Nyumba nyingi zimevuta pampu nzima kutoka mita 60 kwa sababu ya kipimo hicho kimoja kilichofanywa vibaya, na hilo huniumiza, kwa sababu laki hizo mara nyingi ni ada ya shule ya mtoto.

Kuna ishara nyingine ya mpira uliopasuka ambayo huhitaji kifaa kuiona: maji ya kwanza ya asubuhi yana rangi ya kutu, kisha yanasafika. Mpira mzima huyazuia maji yasiguse bati. Ukipasuka, bati linaanza kuliwa. Kwa visima vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari, ambako maji mengi yana chumvi, huliwa upesi zaidi. Kwenye matenki mengi mekundu mpira unabadilishwa. Huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya maji, Kariakoo na kwingine, na kazi ni kufungua nati za kile kisahani cha mdomoni baada ya kutoa maji na upepo wote. Ila fundi akishalifungua, mwambie amulike ndani kwa tochi. Bati likiwa limechunika na kuwa jembamba kwa kutu, lisijazwe upepo tena. Tenki lililooza likipasuka na presha ndani linaweza kumuumiza mtu vibaya. Hilo litupwe.

Nije kwa fundi wa pili. Alikaza nati ya springi kubwa, na nati hiyo hupandisha presha ya kuwasha na ya kuzima kwa pamoja. Hakuuliza pampu yenu inaweza kufika wapi. Kila pampu ina mwisho wake, umeandikwa kwenye kibati chake au kwenye karatasi iliyokuja nayo, kwa mita. Chukua mfano wa pampu inayoishia mita 80. Wakati wa masika maji ya kisimani yako mita 35 chini, inabakiwa na mita 45, yaani bar 4 na nusu. Kiangazi maji yakishuka mpaka mita 45, inabakiwa na bar 3 na nusu tu. Swichi iliyokazwa ili izime kwenye bar 4 ingefanya kazi vizuri mwezi wa tano, na mwezi wa nane isingezima kamwe. Mshale ungepanda mpaka mwisho wa nguvu ya pampu na kuganda hapo, kama unavyoganda wako. Hakuna kitu kipya kilichoharibika siku ile. Kilichoongezwa ni namba ambayo pampu haiwezi kuifikia msimu huu.

Na hapo ndipo Luku yako inapokwenda, kwa sehemu kubwa. Watu hudhani kuwaka na kuzima ndiko kunakokula yuniti. Kunachosha mota, lakini kila mwanzo ni chini ya sekunde, kwa hiyo umeme wake ni mdogo. Yuniti huliwa na muda wa kukimbia. Mota ya HP 1 ikifanya kazi saa moja hutumia yuniti moja na kitu. Iache ikinguruma bure kutoka saa nne usiku mpaka alfajiri, na hata ikiwa inavuta pungufu kwa sababu haipandishi maji, utaiona kwenye mita.

Swichi irudishwe ilipokuwa: iwashe kwenye 1.4, izime kwenye 2.8. Kazi hii usiifanye wewe. Ukitoa kile kifuniko, nyaya za volti 230 ziko wazi mbele ya vidole vyako, mahali penye unyevu. Mwite fundi umeme, azime breka, alegeze nati kidogo kidogo, afunike, awashe, atazame geji, arudie. Akiwa ndani humo akague vitu viwili. Kwanza zile ncha mbili zinazogusana. Zikiwa nyeusi na zimeungua, swichi ibadilishwe. Halafu kale kabomba kembamba kanakoleta maji chini ya swichi, ambako huziba kwa tope na kutu mpaka swichi ihisi presha ya zamani. Pia atafute sisimizi. Wanapenda sana kujificha kwenye visanduku vya swichi, wanabanwa katikati ya zile ncha, na pampu inakataa kuwaka bila sababu ya kueleweka. Wafagiliwe kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa. Dawa ya kupuliza isitumike humo.

Imebaki pampu inayojiwasha usiku. Ikiwaka wakati hakuna anayetumia maji, maji yanatoka mahali fulani, na mahali penyewe ni pawili tu: ama yanavuja upande wa nyumba, ama yanarudi kisimani. Kutofautisha ni rahisi. Jioni, pampu ikishajaza na kuzima, zima breka, kisha funga koki iliyo kati ya tenki na nyumba. Andika namba ya geji. Rudi baada ya saa moja. Mshale ukiwa palepale, upande wa kisima ni mzima na uvujaji uko nyumbani. Ukiwa umeshuka, kwanza kagua kwa macho na kwa sabuni viungo vyote vilivyo pale juu. Vikiwa vikavu, basi ni valvu ya kuzuia maji yasirudi, au bomba lililo ndani ya kisima.

Mimi ningeweka dau langu kwenye choo. Boya la choo likichakaa, maji hupita kimyakimya kutoka tanki la kuflashi kwenda bakulini, membamba kiasi kwamba huyaoni. Mimina kikombe cha juisi ya rozela isiyo na sukari kwenye tanki la kuflashi usiku, mtu yeyote asiflashi, na asubuhi utazame bakuli. Likiwa na rangi, umempata mwizi wako. Na uone jinsi mambo haya yanavyoshikana: tenki zima lingeubeba uvujaji mdogo kama huo kwa muda mrefu bila kuisumbua pampu. Lako likiwa halina upepo, vikombe viwili vya maji vinatosha kuiamsha. Kwa hiyo hata tak-tak ya usiku inaweza kuwa ni choo kilekile kilichokuwa kikivuja mwaka jana, na hamkujua kwa sababu tenki lilikuwa linawafichia.

Mkishajaza upepo au kubadilisha mpira, msishangae kuona kwamba pampu bado inawaka katikati ya ndoo moja. Tenki la lita 24 halitoi lita 24. Kati ya presha ya 2.8 na 1.4 linatoa kama lita 8, nyingine ni nafasi ya upepo na maji yanayobaki. Kwa pampu inayotoa lita 30 kwa dakika, lita 8 hujazwa kwa sekunde 16. Nilishasema mota inataka dakika nzima. Kwa maneno mengine, aliyewafungia mfumo huu aliwapa tenki dogo tangu siku ya kwanza, na miaka minne pampu imevumilia. Matenki hayo madogo hufaa pampu ndogo za juu ya ardhi zinazoongeza nguvu ya maji yanayotoka simtank. Wauzaji huchukua lililo karibu rafuni. Kwa pampu yenu tenki la lita 100 litatoa lita 30 na zaidi kabla pampu haijaamshwa, na hapo ndipo mota itapata ile dakika yake. Dukani ulizeni mambo mawili: presha ya juu linayovumilia, ambayo lazima iwe imeandikwa kwenye lebo, na kama mpira wake unabadilika.

Je, kuna hali ambayo pampu inapaswa kuvutwa? Ipo. Tenki likiwa zima, swichi ikiwa sawa, na bado mshale haufiki hata 2 asubuhi baada ya kisima kupumzika usiku kucha. Au maji yanakuja na mchanga mwingi. Au ile valvu ya kuzuia maji ndiyo mbovu na iko kule chini kwenye pampu. Lakini maji yakija vizuri dakika kumi kisha yanaanza kutema hewa na kukatika, msivute kitu. Kisima kinaishiwa maji kwa sababu ni kiangazi, na dawa yake ni kuvuta kidogo kidogo na kufunga kifaa kinachozima pampu maji yakishuka. Na pampu ikivuma bila kuzunguka kisha breka ikaanguka, fundi aanze na kapasita iliyo kwenye kisanduku cha juu, na apime volti jioni, wakati mtaa mzima umewasha vitu. Umeme ukishuka sana, mota huvuta zaidi na kupata joto hata kama haina kosa. Kapasita usiiguse hata breka ikiwa imezimwa, maana huhifadhi umeme.

Fundi wa tatu akija, mwonyeshe karatasi yenye namba zako: upepo wa tenki likiwa tupu, presha ya kuwashia, ya kuzimia, na mshale ulivyokuwa kabla na baada ya ile saa moja. Anayejua kazi atafurahi kuziona na atataka kuzihakiki mwenyewe. Anayezisukuma pembeni na kuuliza mna bajeti ya pampu ya aina gani, mshukuru kwa kufika, umwache aende.

Kuhusu mnara, baba watoto hakukosea. Simtank iliyo juu ina jambo moja ambalo tenki la presha haliwezi: umeme ukikatika siku nzima, bado mnaoga. Na pampu inayojaza simtank huwaka mara moja, inakimbia nusu saa au zaidi, inazima kwa boya, na hayo ndiyo maisha mazuri kabisa kwa mota ya kisimani. Lakini ajue kwamba mnara wa mita 6 unawapa bar 0.6 tu, kwa hiyo bafuni maji yatadondoka polepole kuliko mlivyozoea, na wengi huishia kununua pampu ndogo ya kuongeza nguvu ndani ya mwaka uleule. Mkifika huko, lile tenki jekundu la lita 24 litapata kazi inayolifaa, likiwa na mpira mpya. Zege, nondo na mafundi wa mnara vinahitaji mipango ya miezi. Wiki hii fanyeni yasiyosubiri: swichi ishushwe, tenki lipimwe, choo kikaguliwe. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja kabla ya vuli, kiwe tenki la lita 100.